Watu Saba wa Hounsell

Drusilla Fudge alikuwa na miaka minane serikali ilipomhamisha mara ya kwanza, na aliapa kwamba mara ya pili haitakuwepo. Kisiwa chao kilionekana kina watu wachache mno. Nyumba yao ya mbao ikafungwa mapipa matupu pande zote ili ielee, mashua sita zikaivuta baharini mpaka kijiji cha Hounsell, na mama yake alikuwa humo humo jikoni, ameshikilia kabati la vyombo na kuwatukana waliokuwa wakiivuta kupitia dirishani.

Nyumba ni ile ile mpaka leo, upande wa jua. Hounsell ina upande wa jua na upande wa kivuli, na wa kivulini hawaishi kulalamika. Nyuma ya kijiji ni mlima wa mawe na kinamasi, na barabara hakuna. Ukitaka duka, daktari au mchumba, unapanda feri. Hapo Drusilla aliolewa, akazaa, akapasua samaki kiwandani miaka kumi na saba mpaka kiwanda kikafungwa, akamzika mume. Sasa ana miaka sitini na saba, shinikizo la damu na ulimi mkali.

Mwezi Mei, asubuhi moja, alisikia mlango wa mbele ukigongwa.

Hounsell watu hupita mlango wa jikoni, tena bila kubisha. Wa mbele hauna hata ngazi. Unafunguliwa jeneza linapotoka, basi. Mara ya mwisho Drusilla kusikia ukigongwa, walikuwa polisi wawili wamekuja kusema baba yake amezama. Akachungulia pembeni ya pazia. Mwanamke mgeni, koti jeusi, jalada kwapani, amesimama kwenye majani na kunyoosha mkono juu ili aufikie mlango. Wa serikali huyo, aliwaza, na wa serikali huja kuhamisha watu. Badala ya kufungua, alichukua simu akapigia nyumba zote, moja baada ya nyingine.

"Kuna mtu wa koti jeusi anagonga milango ya mbele. Kaeni kimya mpaka aondoke."

Wakakaa kimya, kwa sababu Drusilla akisema jambo, Hounsell hufanya.

Agosti barua ikabandikwa gatini. Ilisema mhesabu watu wa serikali alikuta Hounsell ina wakazi saba, nao ni wale aliowakuta nje wakishona nyavu. Nyumba nyingine aliziandika tupu. Mahali penye watu chini ya kumi na tano, feri itasimama ifikapo Oktoba.

"Saba!" alifoka Garland Keeping, mvuvi mnene wa upande wa kivuli. "Kwa hiyo mimi ni mzimu? Mzimu gani huu wa kilo mia na ishirini?"

Watu wakacheka, lakini Drusilla aliisoma barua tena. Bila feri hakuna dawa, na bila dawa atahamishwa tena, yeye na wote. Na aliyefanya hivyo ni yeye.

"Ni mimi," alisema. "Yule wa koti jeusi alikuwa mhesabu watu. Mimi ndiye niliyewafungisha milango."

Garland akavua kofia.

"Shangazi Dru, nilijificha chini ya meza siku ile kwa ajili yako. Mke wangu alinipiga picha."

"Nyamaza, Garland, nisije nikalia mbele za watu."

Alipiga simu ofisini siku tatu mfululizo, akakiri kosa lake kwa kila aliyepokea, hata kwa mtu baki alipokosea namba. Mwishowe wakakubali: mhesabu atarudi Alhamisi, aandike kila mtu atakayemwona kwa macho yake, na aondoke na feri ya saa tisa.

Na Alhamisi hiyo, bila shaka, matunda mwitu ya kinamasini yalikuwa yameiva. Hayangoji mtu. Drusilla aliwasihi wote wawe wamerudi saa sita, wakaitikia, wakapanda mlimani na ndoo zao. Kisha ukashuka ukungu mzito, mtu haoni mkono wake.

Mhesabu, Bi Noseworthy, aliketi jikoni kwa Drusilla na koti lake lile lile. Saa nane alikuwa na majina kumi na moja.

"Mama, mimi naandika ninachokiona tu."

"Najua, mwanangu. Kunywa chai."

Drusilla alitoka akaenda kanisani kugonga kengele, kwa mikono yote miwili, mpaka mabega yakamwaka moto. Hakuwa na ombi la maana la kumpa Mungu, alisema tu, walete, walete, walete. Waliopotea ukunguni wakaifuata sauti. Wa kwanza kutokea alikuwa Garland, matope mpaka kiunoni, ndoo imejaa.

"Nani kafa?"

"Wewe, kwa maandishi ya serikali! Kimbia jikoni kwangu!"

Wakashuka mmoja mmoja, wawili wawili, na mtoto mdogo wa akina Buffett mgongoni kwa mama yake, midomo myekundu kwa matunda. Jikoni hapakuwa na pa kukanyaga. Feri ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza Bi Noseworthy aliposimama juu ya kiti.

"Nasoma majina. Ukisikia lako, itika."

Akasoma. Kila mmoja akaitika, mtoto wa Buffett akaitikiwa na ukoo mzima kwa kelele. Kumi na nne. Kumi na tano. Mtu akapiga kofi mezani, vikombe vikaruka, Bi Noseworthy akaendelea kusoma, kumi na nane, ishirini, ishirini na moja. Drusilla alikuwa ameegemea jiko, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Mzigo aliobeba tangu barua ile ulikuwa umeshuka.

"Drusilla Fudge?"

Wote walimgeukia.

"Nipo," alisema. "Andika kwa wino, mwanangu. Nipo hapa."