Nilikwangua alama chini ya sahani za jirani yetu wa Jabe, na mama akataka kuapa

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, sijawahi kufungua uzi. Juzi dada mmoja aliuliza kama sahani za kaure zifungiwe kabatini au zitumike kila siku. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Kwa hiyo nitaeleza lililonipata mimi, bila kuongeza na bila kujisafisha. Majina tu ndiyo niliyobadili.

Nimezaliwa na kukulia Jabe, Bujumbura, katika familia ya Kiislamu. Baba alifariki mapema. Wakati vita vilipopamba moto mjini nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza université, naishi na mama.

Kwetu hakuna nyumba iliyokuwa na vyombo vya kutosha harusi nzima. Watu waliazimana. Ili vyombo visichanganyike, kila mwanamke aliweka alama yake chini ya sahani kwa rangi ya kucha. Baada ya shughuli wanawake wanakaa mkekani, wanageuza sahani moja moja: hii ya fulani, hii ya fulani. Mtoto wa miaka sita alizijua alama za mtaa mzima.

Alama ya jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Jozefina, ilikuwa mistari mitatu myekundu.

Sahani zake hazikuwa na mfano pale mtaani. Kumi na nane, nyeupe, ukingo wa buluu na uzi mwembamba wa dhahabu. Ukiinua moja kuelekea dirishani, unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Mumewe alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja Mwarabu wa mtaa wa Asiatique, na yule tajiri ndiye aliyewapa siku ya ndoa yao.

Mama aliziazima kwa harusi ya dada yangu, Zaina. Harusi yenyewe ilifanyika mchana, haraka haraka, maana hakuna aliyetaka kuwa barabarani jioni.

Hapa naomba niweke jambo moja wazi kwa wasio wa kwetu. Desturi ilitaka chombo cha mtu kirudi kikiwa na chakula juu yake. Mama hakuwa na mchele mzuri wiki ile. Akasema tungoje siku mbili, apate mchele, apike pilau, ndipo tukazirudishe kwa heshima.

Katika siku mbili hizo mji ulifungwa. Ville morte, tulivyoziita siku za kufungwa kila kitu: risasi, mawe barabarani. Mume wa Mama Jozefina alikwenda kazini na hakurudi. Habari zilipofika kwamba ameuawa, yule mama alichukua watoto wake na kuondoka alfajiri. Sisi tulikuta mlango wake wazi na jiko bado lina moto.

Sahani zikabaki kwetu.

Wiki iliyofuata msako wa askari ulianza. Walisema wanatafuta silaha na mali ya wizi. Mtaa wa pili walimpiga mtu na kuondoka naye, kwa sababu redio iliyokuwa sebuleni kwake ilikuwa na jina la mwenzake aliyekimbia. Nami nikawaza: mistari mitatu myekundu, mtaa mzima unaijua, na iko chini ya kitanda cha mama yangu.

Mama alipotoka kutafuta makaa, nilichukua wembe na mafuta ya taa. Nilikwangua zote kumi na nane. Rangi ilitoka, lakini wembe uliacha mikwaruzo kwenye kaure, mahali palepale, kila sahani. Nikazifunga kwa kitenge, nikarudisha furushi chini ya kitanda. Sikumwambia.

Wale watu walikuja. Walimulika chini ya kitanda, wakalisukuma furushi kwa mguu, wakaenda zao. Hawakulifungua.

Mama naye hakulifungua kwa miaka yote ile. Si Idi, si msiba. Akiombwa vyombo alijibu, "Vile ni amana," basi.

Mama Jozefina alirudi vita vikielekea mwisho. Alikuwa amefika hadi kambi za wakimbizi upande wa Kigoma, na sasa aliishi kwa kaka yake, mtaa wa Kibenga. Siku aliyotutembelea nilikuwa nimeshamaliza masomo na nafanya kazi.

"Mama Zaina, ungali muzima?"

"Mi niko. We umekonda hivi, utafikiri walikuanika pamoja na ndagala wa ziwani."

"Walinianika kweli. Chumvi tu ndiyo walisahau."

Walicheka, kisha wakalia, kisha wakanywa chai. Mama akaingia chumbani, akatoka na lile furushi, akalifungua miguuni pa mgeni wake. "Vitu vyako. Hesabu mbele yangu."

Mama Jozefina akachukua ya kwanza na kuigeuza, kama ambavyo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Kidole gumba kikasimama juu ya mikwaruzo. Akageuza ya pili. Ya tatu. Akaziweka chini taratibu.

Kwetu mtu mmoja tu hukwangua alama: mwizi.

"Apana, Mama Zaina," akasema kwa upole. "Hizi si zangu. Zangu pengine zilivunjika, ukanitafutia zingine. Mungu akulipe."

Alikuwa anamfungulia mama mlango wa kutokea. Mama akakataa kupita.

"Sikutafuta zingine. Ni zako."

Akageuza yeye mwenyewe, zote. Mgeni akaaga kwa adabu na kuondoka mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nikakusanya vikombe vya chai.

Siku tatu mama hakula vizuri. Aliwakumbuka wote waliowahi kulala nyumbani kwetu, mmoja mmoja. Siku ya nne nilimkuta ametawadha, amevaa, Msahafu umefungwa kwenye kitambaa safi.

"Naenda Kibenga. Nitamwapia kwamba mu nyumba yangu hakuna mukono uligusa vitu vyake."

Wakuu, mama yangu alikuwa anakwenda kuapa uongo bila kujua.

"Mama, usiape. Ni mimi."

Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Akakaa. "Lini?"

"Wiki ile ya msako. Niliogopa watakuchukua."

"Na miaka yote hiyo tunakula sinia moja." Akavaa kiatu cha pili, akanionyesha furushi nilibebe.

Kibenga nilisema yote, nimesimama. Mama Jozefina alisikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilizijua tangu ya kwanza," akasema. "Ni kitu kimoja tu cha baba Jozefina kilibaki, nitasahau namna gani? Nilisema si zangu juu mama yako asiaibike mbele ya mutoto wake." Akanitazama. "Kumbe ni mutoto."

Alizipokea. Alimwomba mama msamaha, na mama akamwomba yeye. Waliendelea kutembeleana, na kutaniana kulirudi kama zamani. Lakini hawakuazimana tena hata kijiko mpaka mama alipofariki. Hakuna aliyekataa, ila hakuna aliyeomba.

Nilichojifunza ni hiki. Woga wangu haukuwa dhambi. Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Dhambi ni ile jioni mama aliporudi na makaa, nami nikampokea mzigo na kumuuliza bei imepanda au la.

Kama kuna aliyewahi kutunziwa au kutunza kitu cha mtu wakati ule, naomba maoni yake, hata yawe makali. Nitasoma yote.