Sauti Iliyomwita Mtoto

Juzi kliniki, tukiwa kwenye foleni ya kupima watoto uzito, alikuja binti mmoja anayesoma chuo kikuu kule Chimwaga. Alisema wanatafiti jinsi ya kutambua sauti bandia ambazo matapeli hutumia kwenye simu. Akaomba mama mmoja ajitolee kurekodiwa sauti.

Alijitolea jirani yangu wa benchi, aliyempakata mwanawe. Msimu wa zabibu yeye hulala kibaruani kwenye mashamba ya Makutupora, na mtoto hubaki kwa bibi. Kila jioni humpigia simu, maana mtoto halali bila kuisikia sauti yake. Akasimulia habari za shamba kidogo, binti akarekodi, kisha akaandika kitu kwenye kompyuta.

Kompyuta ikaita kwa sauti ya yule mama kabisa: "Njoo kwa mama, baba yangu."

Benchi zima tuligeukia kompyuta. Yule mama akauliza:

"Mbona hayo sikuyasema?"

"Nimeandika mimi, dada. Yenyewe imesoma kwa sauti yako."

Mtoto alikwishateremka mapajani. Alitembea hadi kwenye kompyuta, akainyooshea mikono imbebe.

"Baba, mama niko huku!"

Akageuka, akamtazama mama yake, kisha akairudia kompyuta.

"Ifute, mdogo wangu. Ifute sasa hivi."

Binti akaifuta mbele yetu. Mama akambeba mwanawe, akajiziba mdomo kwa kanga na kumnong'oneza sikioni neno ambalo hata mimi wa karibu sikulisikia.

Tangu siku ile, nikimwita mwanangu akakawia kuitika, simgombezi. Namwacha anitazame kwanza, ahakikishe ni mimi.