Unga Ulionata Mguuni

Mambo mengine ukiyasimulia mate yanakujaa mdomoni, si kwa hamu, kwa kinyaa. Hili la Sijaona ni mojawapo.

Sijaona alikuwa mtunza msitu wa kisima, bondeni chini ya Newala. Kule juu uwandani hakuna maji hata ya kunawa uso. Wanawake wa vijiji vitano walishuka mtelemko ule na mitungi, wakapanda magoti yakiwauma. Kisima kilikuwa cha wote, na msitu uliokifunika ulikuwa wa wote. Kuni zilizoanguka, okota. Mibungo, ichanje gome kidogo, ukinge utomvu wa mpira. Mzizi usiuguse, ndio ulioshika maji ya kisima! Sheria hiyo Sijaona aliisimamia miaka ishirini bila kumwogopa mtu.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, Mdachi akazidi kudai mpira. Watu wakaing'oa mibungo ya uwandani kwa mizizi, wakaitwanga kutoa mpira, wakaimaliza. Ukabaki msitu wa kisima. Basi akaja Jumbe Mussa, mtoto wa mdogo wake Sijaona, aliyepewa cheo cha jumbe na akida wa Mdachi. Alikuja meno nje.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Sema shida yako."

"Tuwaulize wazee waliokufa. Wakikubali, tunachimba mizizi."

Utaratibu ulikuwa huo. Jioni mtunzaji humimina unga wa mtama chini ya mti wa msolo, ukasimama kama kichuguu. Asubuhi ukikutwa umebomoka, wazee wamekataa. Ukikutwa mzima, wamekubali. Sijaona akaumimina, akaenda zake.

Asubuhi akarudi peke yake, kama ilivyopasa. Lo! Unga mzima, hata sisimizi hakuupitia. Moyo ukamlipuka. Kisima kikauke hivi hivi anaona? Akatazama huku na huku, na yeye ambaye hakuwahi kuwadanganya watu, akaupiga teke.

Haukubomoka. Ulimnata. Donge zima likamganda vidoleni, likawa linavutika kama kamasi. Akalinusa. Utomvu wa mpira! Kuna mtu aliyekuja usiku akaukoroga unga wa wazee na mpira ili usimame. Sijaona akatapika palepale.

Angeweza kujibandua akaenda kusema wazee wamekataa. Nani angemjua? Lakini Mussa angerudi na ujanja mwingine, na uongo wa mama mkubwa na wa mpwa wake ungekuwa chungu kimoja. Akachechemea hadi barazani, watu na Mussa walikokuwa wakingoja jibu, mguu ukiwa vilevile.

"Nimeupiga teke," akasema. "Nilitaka kuwadanganya. Tazameni kilichonikamata. Haya, Mussa, tuoneshe viganja vyako."

Mussa akaficha mikono nyuma. Wakamvuta. Viganja vilikuwa bado na ngozi ya mpira, na unga ndani yake. Watu wakapiga kelele: msitu hauguswi! Na kweli, haukuguswa.

Kisha wakaanza kukohoakohoa, wanafiki wale. Jumbe ni mtu wa Mdachi, tutamfanya nini? Ila mtunzaji anayepiga teke unga wa wazee, huyo hafai hata kidogo. Kabla jua halijapanda wakawa wamemweka mtunzaji mpya: Siti, mke wa Mussa.

Sijaona aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowalindia maji miaka ishirini. Akanyoosha mguu wake katikati ya baraza.

"Vizuri. Sasa nani ananibandua?"

Hakuna aliyeinama.