Shamba Halikatwi Kuelekea Barabarani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, asubuhi ambayo wanaume wanne wenye ndevu tulisimama katikati ya barabara tukigombania matope. Si mfano wa maneno. Matope ya kweli, meusi, mazito kama bugali, na sisi tuliyagombania kama watoto wanavyogombania mufupa wa mbuzi siku ya Noeli.

Lakini ngoja nianze nyuma kidogo, maana ninyi vijana mukisikia habari ya ugomvi munacheka na kuondoka kabla ya kufika kwenye somo.

Juzi Muhindo, mutoto wa marehemu kaka yangu, alikuja hapa kwangu Keshero pamoja na binamu zake. Walijaza sebule mpaka paka akatoka nje kwa hasira. Wanataka shamba la babu yao kule mlimani, upande wa Lubero, likatwe vipande, na kila kipande kiguse barabara. Katika wana wanne wa baba yangu nimebaki mimi peke yangu, na bila neno langu hawawezi kuligusa.

"Baba mudogo," Muhindo akasema, "sisi tunataka tu parsele zetu."

Parsele! Nusura nimeze kikombe pamoja na chai.

Na huyo Muhindo mwenyewe, hapa Goma ambako tumejenga juu ya mawe ya volkano na jembe likigonga chini linatoa cheche, ananunua udongo wa Kibumba kwa mifuko ili mke wake apate kupanda mboga ya lenga-lenga nyuma ya nyumba. Mutu ananunua udongo kwa mifuko, halafu anataka kuuacha mlima mzima uende bure! Nieleze, mwanangu. Mimi nilisoma shule ya jioni mpaka nikapata diploma, nikisinzia na kuamka, nikisinzia na kuamka, lakini hesabu ya namna hiyo hawakutufundisha.

Kwetu ni mlimani, na baridi ya kule ukitema mate yanafika chini yakiwa kokoto. Ukungu ni mzito hata jirani yetu mmoja alimusalimia ng'ombe kwa heshima zote, kofia mkononi, akidhani ni katekista. Lakini viazi! Kiazi kimoja kinashibisha nyumba nzima, na cha pili unakiomba msamaha. Babu zetu walilima ngano, njegere, viazi na kabichi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huitazama mara mbili. Waliwezaje? Kwa mitaro. Walichimba mitaro ya kukata mlima kwa upana, mmoja juu ya mwingine kama ngazi, na pembeni yake wakapanda matete ili yashike udongo.

Kisha walikuwa na desturi moja. Kabla ya mvua, watu wa mlima mzima walitoka siku moja kusafisha mitaro, na mwenye shamba la juu hakuanza na mutaro wake. Alianza na wa yule aliye chini yake. Wazee walisema maji yanayomufikia mwenzako yametoka kwako, basi nenda ukayaandalie njia. Mimi sijasikia sheria nzuri kuliko hiyo, na nimesikia sheria nyingi.

Halafu ikatangazwa kwamba sisi si kijiji tena, ni komini, mji wenye serikali yake. Akaja burgumesta, mkubwa wa komini, na meza, bendera na muhuri. Tulicheza ngoma mpaka vumbi likaonekana Butembo. Nani angekataa maendeleo? Sokoni malori ya Goma yalikuja kupakia viazi mpaka matairi yalalamike, na machukudu, yale magari yetu ya mbao ya magurudumu mawili, yalishuka mlima na magunia kama yanakimbizwa. Lakini kufumba na kufumbua, kila mutu akawa mwenye mji. Neno shamba likafa. Hakuna aliyekuuliza kama udongo wako ni mweusi. Walikuuliza, "Weye unagusa barabara?" Hata ukienda kuposa, baba wa binti anakohoa kwanza, kisha anauliza kama unagusa barabara.

Baba yetu akafariki katika homa hiyo hiyo ya barabara. Tulikuwa wana wanne, na majina yetu ya kwetu yanakuambia nani alitangulia: Paluku, Kambale, Kasereka, na mimi Kakule wa mwisho. Tangu zamani shamba liligawanywa kwa mikanda, mutu wa juu, wa kati, wa chini. Lakini sasa mukanda wa chini peke yake ndio uliogusa barabara, na sisi wote tulikuwa watu wa barabara. Paluku akafikiri, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Tunalikata kwa kushuka! Toka mgongo wa mlima mpaka barabarani. Utepe wako, utepe wangu. Kila mutu na barabara yake."

Tulipiga makofi. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akimenya viazi.

"Na mitaro?"

"Mama, kila mutu atachimba wake."

"Na maji, yameambiwa?"

Paluku akacheka, nasi tukacheka kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Wala usiseme hatukujua, mwanangu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mutoto wa mlimani anajua mutaro kabla ya kujua ishara ya msalaba. Tulijua, lakini barabara ilikuwa imetuingia machoni.

Ikawa hivi. Mutaro wa Paluku ukifika mwisho wa utepe wake, unamwaga maji kwa Kambale. Kambale akaufukia. Kasereka akafukia wake ili asipokee ya Kambale. Tepe zilikuwa nyembamba, ukigeuka na jembe umeingia kwa ndugu yako, basi tukaanza kulima matuta ya kushuka, moja kwa moja, kama tunayaonyesha maji njia. Na kule chini kila mmoja akajenga kibanda chake. Paluku aliuza sabuni na mishumaa. Kambale aliuza sabuni na mishumaa. Kasereka, unadhani aliuza nini? Tulikuwa tunauziana sabuni sisi kwa sisi, watu safi kuliko wote katika komini.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga mchana mzima. Asubuhi yake shamba la baba yetu lilikuwa limelala barabarani. Udongo, mbolea, mbegu za viazi zilizokwisha kuchipua, vyote vimejaa mbele ya vibanda mpaka madirishani. Lori la kwenda Butembo limekwama. Na ng'ambo ya barabara, bonde la jirani limepokea sehemu nzuri zaidi, na yeye alitusalimia siku hiyo kwa furaha ambayo hajawahi kutuonyesha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Paluku alikuwa wa kwanza kuleta kitiyo, koleo la kuzolea udongo, na kuanza kuzoa.

"Usiguse!" Kambale akapiga kelele. "Huo umetoka kwangu."

"Uko mbele ya kibanda changu."

"Udongo wangu naujua mimi."

"Unaujua? Kwani uliubatiza?"

"Na kiazi hiki je? Si changu?"

"Viazi vyote vinafanana. Ni weye tu ambaye haufanani na mutu."

Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. "Ba papa, mufungue kwanza barabara. Halafu mutauana kwa nafasi."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomwaga sumu. Kambale akamwambia kaka yake neno ambalo sitaliandika, neno juu ya kifo cha baba, na Paluku akainua kitiyo juu. Mimi na Kasereka tulisimama kama miti.

Mama akapita katikati yao. Alikuwa na kitunga chake, kile cha kubeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Akainama pale pale chini ya kitiyo kilichoinuliwa, akajaza matope kwa mikono, akajitwika, akaanza kupanda mlima. Hakuuliza ni ya nani. Tulimwona akipanda, akiteleza, akishika majani, mpaka juu kabisa. Akamwaga. Akashuka. Alipofika, kitiyo kilikuwa kimeshuka chenyewe. Kasereka akataka kumupokea kitunga, Mama akamusukuma.

"Paluku," akasema, "siku nilipokuzaa, uligusa barabara gani?"

Akakitua kitunga mbele yetu.

"Baba yenu hakuacha vipande vinne. Aliacha mlima mmoja, na watu wanne wa kuushika. Leo mumemuzika mara ya pili, na mumemuzika barabarani, malori yapite juu yake. Sasa mubebe."

Tulibeba, mwanangu. Nikisema tulibeba mpaka shingo zikaingia mabegani, nitakuwa nimezidisha kidogo tu. Tulichimba mitaro upya kwa upana, kutoka ukingo wa Paluku mpaka ukingo wangu, bila kusimama kwenye mipaka. Vibanda vitatu tukavibomoa, kikabaki kimoja cha wote. Lakini kile ambacho maji yalikivusha barabara hakikurudi. Nenda leo pale juu utaona mwamba umetokeza. Na Kambale alihamia Beni. Alikuja kumuzika mama, akasimama, akalia, akaondoka bila kula chakula kwa Paluku. Udongo tuliuzoa. Maneno hatukuweza.

Basi Muhindo, wewe na wenzako, na wewe mwanangu unayesoma hapa ukiwa na shamba la babu mahali fulani, sikieni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikatai mji. Mji ni wetu, na burgumesta tunamulipia kodi. Mukitaka barabara, chukueni kile kipande cha chini kiwe cha wote, jengeni duka moja, na tafadhali uzeni kitu kingine zaidi ya sabuni. Lakini mlima haukatwi kwa kushuka. Urithi si kipande ulichopewa. Ni wale ndugu ambao maji yako yatawafikia. Ugomvi ukija, na utakuja, usitie marehemu katika mdomo wako. Na kabla ya kudai chako, mupite njia ya Kiwanja, mupande mpaka kule kwetu, mukafike kabla ya mvua, na kila mmoja aanze na mutaro wa yule aliye chini yake. Mukifanya hivyo nitatoa neno langu. Musipofanya, nitaishi miaka mia mbili kwa makusudi.

Mungu awape mvua yenye adabu, viazi vya kuvunja mizani, na midomo mizito siku ya hasira. Awape ndugu upande wa juu na upande wa chini, na wote wawili wawe wanakula kwenu.