Siku Kola Alipoingia Dobi ya Makao Makuu

Kuna maneno yanazunguka kwamba familia yetu ilisafiri hadi nchi za watu kutembelea Makao Makuu ya imani yetu, ikafika mlangoni, ikakabidhiwa nguo za watu ifue. Lisemwalo lipo, sikatai. Lakini hili limetiwa chumvi hadi halilambiki, na kwa kuwa mume wangu hayupo tena kuijibia nyumba yake, nitajibu mimi. Kwanza, hatukufua. Tulipiga pasi. Pili, tulipiga pasi kwa hiari yetu, na kama kuna mwenye kosa, ni mimi peke yangu.

Ili jambo lieleweke, lazima nianze na wifi yangu.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Mji mzima unamwita Kola, kwa sababu hamtazami mtu usoni kabla hajamtazama shingoni. Ni dobi tangu akiwa na miaka kumi na minne, mama yao alipofariki akamwachia pasi ya mkaa, meza moja na mdogo wake wa kiume wa kumlea. Mdogo huyo ndiye niliyekutana naye chuo cha ualimu. Nakiri hapa kwa mara ya kwanza: nilipenda shati kabla ya mtu. Kila siku lilikuwa jeupe, limenyooka kama karatasi mpya, nikadhani ana mashati kumi. Alikuwa nayo mawili. Dada yake alikuwa akiyapiga pasi kwa zamu, moja likiwa mwilini, jingine mezani.

Hakuolewa. Ukimuuliza sababu atakuambia, "Walikuja watatu, wote kola zimesinyaa. Mtu asiyejitunza shingo atanitunza mimi?"

Chumba chake cha kazi kina meza iliyotandikwa blanketi lenye alama ya pasi katikati, iliyoungua siku tuliyomzika mdogo wake. Aliinyoosha mwenyewe suti ya mazishi, akasahau kuinua mkono. Hajalibadilisha blanketi lile na hakuna anayemshauri. Juu ya meza, ukutani, amebandika kwa wanga ukurasa aliouchana zamani kwenye jarida la Makao Makuu. Picha inaonyesha chumba kirefu, mashati meupe yakining'inia kwenye reli ya juu kama watu walio kwenye foleni. Maelezo yanasema wafanyakazi wa kujitolea hunyoosha humo mashati elfu moja kila siku.

"Siku nikiingia humo," husema, "nikapiga pasi shati moja, moja tu, mnaweza kunirudisha nyumbani kwa machela."

Kwa hiyo mwanangu, ambaye ni fundi umeme, alipotangaza kwamba safari imepatikana, mimi nilifikiria ukumbi mkuu na maktaba, na Kola alifikiria dobi, chumba kile cha mashati. Niliandika barua kwa lugha ya huko, ambayo nimeifundisha sekondari miaka ishirini na saba, nikaomba atazame hata kwa dakika tano. Jibu likaja kwa adabu sana. Wageni hufuata mstari wa njano uliochorwa sakafuni: ukumbi, makumbusho, maktaba, kiwanda cha uchapishaji. Dobi haimo, kwa sababu ya mvuke na mashine.

Nikamsomea. Hakuacha kukunja suruali aliyokuwa nayo.

"Sawa. Nitauona mlango."

"Hata mlango hauko kwenye mstari, wifi."

"Basi nitanusa."

Niliumia, lakini nilikuwa na shughuli zangu. Saa nne asubuhi ya siku ya ziara, majina ya familia zilizotoka mbali husomwa ukumbini, familia husimama, na mmoja wao hutoa salamu. Salamu yetu niliiandaa wiki sita. Nikaamua pia tuvae sare, tuonekane watu wa nyumba moja: mashati ya buluu ya mawingu, kola nyeupe, vifungo vyeupe. Kitambaa nilichagua mimi. Nasisitiza hilo kwa sababu mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye ni nesi na hana makuu, alitaka kijani.

Uwanja wa ndege ulianza kutuvunja mbavu mapema. Mkaguzi alifungua mkoba wa Kola, akatoa pasi ya mkaa.

"Mama, hii ni nini?"

"Pasi. Tena wewe mwanangu unaihitaji kuliko mimi, hebu jione hapo shingoni."

Mkaguzi akajishika kola. Wenzake wakacheka, akacheka na yeye, kisha akaamuru pasi iende kwenye mizigo mikubwa. Kola akamsimamia wakati anaifunga, akimkumbusha kwamba imemzidi umri na aiheshimu. Ndani ya ndege alikataa kulala mpaka akunje upya mablanketi yote ya safu yetu. Mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na sita aliyekwisha kumpita mama yake kwa urefu, alikuwa akimpelekea mengine kutoka safu za nyuma.

"Bibi Kola, hili nalo limelia, linataka kwako!"

"Lete, lete. Waache wenye ndege waone watu."

Niliwaambia wote wawili wakumbuke jina wanalolibeba. Wakaendelea kukunja kwa kunong'onezana.

Siku ya ziara tulifika saa mbili kasoro robo asubuhi, kwa sababu mimi sichelewi. Lango kuu lilikuwa bado limefungwa. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na watu walikuwa wakiingia kwa haraka kama wanaowahi zamu, wanawake kwa wanaume. Wote walikuwa wamevaa mashati ya buluu ya mawingu. Kola nyeupe. Vifungo vyeupe.

"Mama," mwanangu akasema polepole, "unaona ninachokiona?"

"Nimeona."

"Mimi nilisema kijani," mkwe wangu akanong'ona, na mjukuu akageukia ukuta mabega yakimtikisika.

Hapohapo akatokea mzee mrefu mwenye nyusi nene kama burashi, karatasi mkononi. Akatuhesabu kwa kidole. Akaniambia kwa lugha ya huko, "Watano tu? Niliomba sita. Haya, upesi, mmechelewa, na leo tuna wageni." Akageuka akaanza kutembea, akitutaka tumfuate. Juu ya mlango aliouelekea paliandikwa kwa herufi kubwa: Dobi.

Kola hajui lugha hiyo. Lakini upepo ulitoka mle ndani, wa joto, wenye sabuni na wanga, na nilimwona akisimama wima kama mtu aliyeitwa jina.

"Mwalimu," akaniuliza. Huniita mwalimu akiwa na hofu. "Anasemaje?"

Sentensi moja ingetosha. Ningesema, sisi ndio wageni, na yule mzee angeomba radhi, tungerudishwa langoni, tungewekwa kwenye mstari wa njano, na mlango ule usingefunguka tena kwa Kola maishani mwake. Sentensi nilikuwa nayo, tena bila kosa la sarufi.

"Anasema tumechelewa kazini," nikamwambia.

"Sasa tumesimama hapa ili iweje?"

Nikamwambia yule mzee, "Tusamehe kwa kuchelewa." Hapo sikusema uongo hata kidogo. Kola alikuwa amechelewa miaka mingi.

Chumba kilikuwa kilekile cha pichani, ila kirefu zaidi, na reli ya juu ilikuwa inatembea. Mashati yalikuja yenyewe kutoka ukutani, yakakata kona, yakapita juu ya vichwa vyetu yakipunga mikono. Kola akavua viatu.

"Shangazi, viatu!" mwanangu akashtuka.

"Niache. Ukumbi wenu mtauvulia wenyewe. Wangu ndio huu."

Tukagawiwa kazi. Mwanangu akapelekwa kwenye mashine ya mvuke, akafurahi kama mtoto, akaanza kuifungua kwa macho. Mkwe akapewa mashuka, na mashuka ni kazi ya nesi. Mjukuu alibeba mashati, akijipima na suruali ambayo wangeingia yeye na babake kwa pamoja. Mimi, miaka ishirini na saba ya ualimu, nilipewa kapu la soksi nizioanishe.

Kola alisimama mbele ya mashine. Shati lilivalishwa sanamu isiyo na kichwa, mabapa mawili ya moto yakaibana, pshii, likatoka limenyooka. Alitazama la kwanza. Alitazama la pili. La tatu akalidaka.

"Wifi, njoo umwambie huyu baba. Mashine yake inaanzia katikati, inasukuma mikunjo yote nchani. Kola hupigwa kutoka nchani kuja katikati. Mwambie imelelewa vibaya."

Nikatafsiri, isipokuwa lile la malezi. Mzee wa nyusi akalichukua shati, akalisogeza dirishani, akatazama ncha za kola. Akaenda kwenye kabati la pembeni, akarudi na pasi ya mkono na shati jeupe lenye unyevu, akaviweka mezani. Lilikuwa, alinieleza, shati la mtu ambaye angepanda jukwaani saa nne kuwapokea wageni.

Kola akalamba kidole, akagusa chini ya pasi. Tsss. Akatikisa kichwa, akasubiri. Akagusa tena. Kisha akaanza, ncha ya kushoto kuja katikati, ncha ya kulia kuja katikati, akageuza, mabega, mwisho wa mikono, mikono, kifua, mgongo. Hakuna aliyempimia muda, lakini soksi zangu zilikuwa hazijafika jozi tatu. Akalishika mabegani, akalipandisha juu. Mzee akaita mtu mmoja. Huyo akaita wengine wawili. Baadaye walikuwa wanane wamemzunguka, kila mmoja na shati lake mkononi, na Kola anawafundisha kwa lugha yetu, wanamwelewa.

"Wee, punguza mkono! Unapiga pasi au unaua nyoka? Hapo. Hapo sasa. Mwanangu, umependeza."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Salamu yangu ya wiki sita ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara mbili. Tungekimbia wakati ule, tungewahi ukumbini. Kola alikuwa kwenye shati la saba, jasho linamtiririka, anacheka na mtu ambaye hawana hata neno moja la pamoja.

Nikaoanisha soksi nyingine.

Kwenye ukuta wa dobi kuna kipaza sauti kinacholeta mambo ya ukumbini. Saa nne ilipofika tulisikia wimbo, kisha majina ya familia yakaanza, na baada ya kila jina makofi. Likasomwa jina letu. Kimya. Likasomwa mara ya pili, taratibu, kama linatafutwa chini ya viti.

Pasi ya Kola ikasimama hewani. "Wifi. Si ni sisi hao?"

"Ni sisi. Piga pasi."

Lakini mzee wa nyusi alikuwa amekwisha kutugeukia. Alitazama karatasi yake. Alitazama mashati yetu, akahesabu tena kwa kidole. Akaniuliza, "Samahani, dada. Nyinyi ni akina nani?"

Nikasimama, soksi mkononi, nikalitaja jina la mume wangu lote, bila kupunguza.

Mzee akakaa juu ya kapu la mashuka. Nilidhani amepata ugonjwa. Mkwe wangu akamkimbilia ampime mapigo, kumbe ni kicheko kinatafuta pa kutokea. Kilipotoka kilitoka chote. Akacheka hadi nyusi zikalowa, wale wanane wakacheka, mwanangu akalazimika kuizima mashine, na mjukuu akaketi sakafuni anapiga sakafu ngumi. Akiwa bado hajatulia, mzee akanyanyua simu ya ukutani, akazungumza. Muda si muda sauti ya jukwaani ikasema, "Ndugu, tumearifiwa kwamba familia hiyo iko dobi. Inatunyooshea mashati."

Ukumbi ulivuma. Makofi tuliyasikia mara mbili, kwenye kipaza sauti na kupitia ukutani.

Mwenzetu mmoja wa mjini kwetu, ambaye ndiye aliyeleta habari hizi, alikuwamo ukumbini siku hiyo. Alisikia neno dobi, akakimbia nalo hadi nyumbani. Hakuwaambia kwamba aliyekuwa akisema jukwaani alivaa shati lililopigwa pasi na wifi yangu. Wala hakuwaambia kwamba mzee wa nyusi alininyooshea ile simu, akasema ukumbi unangoja salamu. Karatasi yangu ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa chini ya soksi. Nikaitoa salamu kwa moyo, na sentensi yake ya kwanza, niliyoiandika wiki sita kabla, ilikuwa hii: "Tumetoka mbali kuja kuiona kazi ya mikono yenu." Ndani ya dobi wakaanguka tena kwa kicheko.

Mstari wa njano tuliufuata mchana. Maktaba ni nzuri.

Kabla hatujaondoka mzee aliomba tupige picha mbele ya mashine. Nikawapanga kwa urefu. Kola akatoka kwenye mstari, akanijia, akaninyoosha kola kwa vidole viwili, kutoka nchani kuja katikati, akarudi mahali pake.

"Mashati kumi na moja, wifi," akaninong'oneza. "Na miguu yangu mizima. Machela waipeleke hospitali."

Picha iko sebuleni kwangu, karibuni muione. Kola yuko katikati, ameshika shati jeupe mabegani, miguu mitupu. Wanaotaka kujua viatu viko wapi wakamuulize mwenyewe, ila wajiweke sawa shingoni kwanza.