Sheria ya Mchicha

Harufu ya mchicha unaochemka kwa tui la nazi hunirudisha mtaani Kibokoni, katika darasa letu la wasichana, wakati wa vita, mchele ulipoadimika mjini. Siku hiyo mwalimu wetu alisogeza madawati ukutani akatuambia kuwa sisi ni baraza la kutunga sheria, naye ndiye mwenyekiti. Mimi nikapendekeza uwanja wote wa kuchezea ulimwe mchicha, upikwe, tule shuleni.

Rafiki yangu, ambaye babake aliuza leso, akasimama kupinga. "Bi Mwenyekiti, wadogo zetu watateza wapi?"

"Hata sasa hawatezi," nikamjibu. "Wana njaa, wasinzia darasani."

Akawageukia wenzetu. "Basi tulime nusu."

Tukainua mikono sote, sheria ikapita, nasi tukadhani mchezo umekwisha. Asubuhi yake mwalimu akaja na majembe. "Wajumbe," akasema, "sheria mumeipitisha wenyewe."

Tulilima hadi viganja vikachubuka. Mchicha ulipokomaa tuliupika, tukala kwa mikono kwenye baraza ya shule, nje ya darasa, tui likitutiririka hadi viwikoni. Rafiki yangu akafuta sufuria kwa kidole, kisha akanigeukia.

"Mbona hukung'ang'ania uwanja wote?" akaniuliza.