Meno Saba ya Anusaya

Ukifika kijiji cha Khadkewadi msimu wa kuvuna miwa, usithubutu kumwambia Anusaya kwamba unakunywa juisi ya miwa ili upate nafuu. Atakutazama kuanzia kandambili mpaka utosini, kisha atakuuliza, "Kwani wewe huna meno?" Na kama unayo, basi umekwisha. Atakukalisha barazani, akumenyee muwa, akukatie pingili za katikati tu, na hakuachii mpaka utafune na kutema makapi mbele ya macho yake.

Si tabibu, na ukimwita tabibu anakukaripia. Tabibu alikuwa baba yake. Yeye ni mke wa mkulima, mfupi, sauti kubwa, sari imekunjwa magotini kama mtu anayekwenda kupigana. Lakini mwenye kuungua akikojoa anamwendea yeye, naye anachimba mizizi ya muwa na kuichemsha pamoja na mizizi ya nyasi nyingine nne. Mama aliyejifungua anapelekewa sukari guru iliyokaa mtungini mwaka mzima, maana ile mpya, anasema, huleta makohozi matupu. Na mwenye ugonjwa wa macho ya manjano anapewa muwa wa kutafuna. Wa kutafuna, si wa kukamua! Meno huchagua, ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Mtambo hauchagui kitu, unasaga ncha na mafundo na mchanga na sisimizi, na juisi yake inawaka tumboni mwa mgonjwa.

Sasa sikia mambo. Mtambo wa kukamulia miwa pale kijijini ulikuwa wa nani? Wa mumewe, Dhondiram. Ulikuwa uani kwao, hatua ishirini kutoka jikoni. Miaka arobaini na sita walibishana juu yake, na majirani walizoea kuwasikia hata wakakosa raha siku ambazo hawakubishana.

"Mama Yashvant, unanifukuzia wateja."

"Baba Yashvant, wateja wako ni wazima. Mimi nawataka wagonjwa tu."

"Wakipona si watakuja kwangu?"

"Ndiyo maana nawaponya. Sema asante."

Dhondiram hakusema asante. Hakuwa mtu wa kusema asante. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kilemba kisafi kila siku, mshika mila kwelikweli. Meno yalipomwisha, alikataa ya bandia akisema hawezi kula kwa meno yaliyotoka dukani. Akawa anakula mkate wa mtama uliolowekwa kwenye maziwa, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Mwaka juzi, wiki mbili baada ya sikukuu ya Divali, macho yake yakageuka manjano. Mwanawe Yashvant akampeleka kwa daktari mjini. Daktari alitoa vidonge, akasema mzee anywe sana, apumzike, na asipoweza kuzuia kitu tumboni mpaka keshokutwa, wamrudishe alazwe, tena wasichelewe, kwa sababu moyo wake umechoka. Dhondiram alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kilemba chake vizuri, akasema yeye hafii kwenye kitanda cha watu.

Nyumbani alitapika maji. Akatapika uji. Akatapika vidonge vyenyewe. Siku ya pili asubuhi akamwita Yashvant, akamwamuru amletee glasi ya juisi kutoka kwenye mtambo wake mwenyewe. Anusaya alisikia kutoka jikoni.

"Usimpe! Itamchoma!"

"Mama, angalau ana hamu nayo."

"Nipe," akasema Dhondiram, "kisha mama yako anionyeshe mtu aliyeuawa na mtambo wangu."

Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta masharubu, akamtazama mkewe kwa jeuri. Haikupita robo saa, akairudisha yote, akabaki ameinama ukingoni mwa kitanda anatetemeka, mkono kifuani. Anusaya alimshika paji la uso. Siku nyingine angemcheka mpaka kijiji kizima kijue. Safari hii hakuwa na kicheko. Aliona shingo ya mumewe ilivyokonda ndani ya siku nne. Huyu mtu ananifia, aliwaza. Ananifia mbele yangu na dawa imejaa shambani.

Ndiyo, dawa ilikuwepo. Ila wa kuitafuna hakuwepo.

Alitoka uani, akakata muwa mmoja mnono, akauosha, akaumenya, akakata pingili za katikati. Akapiga mswaki kwa kijiti cha mwarobaini, akasukutua kwa maji ya moto yenye manjano mara tatu. Kisha akakaa nyuma ya banda la mtambo na bakuli la shaba mapajani. Alikuwa na meno saba, matano upande wa kushoto na mawili ambayo yalikuwepo kwa jina tu. Akaanza kutafuna. Akatafuna, akaichuja juisi kwa midomo, akaitema bakulini. Taya ikamuuma, fizi ikatoka damu, pingili ile akaitupa, akasukutua tena, akaanza upya. Kujaza nusu bakuli kulimchukua karibu saa nzima.

Yashvant akamkuta hapo. Alipoelewa, akashika kichwa.

"Mama! Hii si ushta? Makombo ya kinywani mwako, umpe Baba?"

"Nampa dawa."

"Basi mwambie nimeikamua kwenye mtambo, nimeuosha kwanza. Hatajua."

Anusaya alilifikiria jambo hilo, asikudanganye mtu. Alilifikiria akiwa amesimama na bakuli mkononi. Mke hula makombo ya mumewe. Mume kula ya mkewe, hilo halijasikika. Alipokuwa bibi harusi, mama mkwe wake alimwaga sufuria nzima ya maziwa kisa yeye alionja kwa kijiko akakirudisha ndani, na Dhondiram alisimama pale, kijana wa miaka ishirini na miwili, asiseme neno. Mtu kama huyo unampaje mate yako? Lakini alikuwa hajawahi kumdanganya mgonjwa, na hakuona kwa nini aanze na huyu anayempenda.

Akaingia ndani, akakaa kitandani, jambo ambalo pia hakuwa na desturi nalo mchana.

"Baba Yashvant, kunywa. Kidogo kidogo."

Dhondiram alitazama bakuli. Povu la juisi alilijua kuliko mtu yeyote wilayani, na hili halikuwa povu la mtambo.

"Imekamuliwa wapi?"

"Kwa meno yangu."

Yashvant mlangoni akajifanya anaangalia dari. Anusaya akangoja bakuli lirushwe ukutani. Dhondiram alimtazama mdomo, fizi iliyovimba, tone la damu pembeni ambalo mkewe mwenyewe hakuwa ameliona.

"Umebakiwa na meno mangapi?" akauliza.

"Saba."

"Miaka yote hii sikujua." Akanyoosha mikono yote miwili. "Lete."

Akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Juisi ikakaa. Jioni akameza vidonge vya daktari juu yake, navyo vikakaa. Usiniulize ni kipi kilichomponya, mimi si daktari, na Anusaya mwenyewe anasema vyote viwili, kisha anakukonyeza.

Siku ya nne ya kutafuniwa, mzee aliweza kutolewa barazani kuota jua. Wajumbe wa ushirika wa miwa wakaja kumjulia hali, watu wanane wenye vilemba vyao, na Bayja jirani akiwa nyuma yao. Mke wa Yashvant alipowaona tu akalinyakua bakuli la shaba alifunike kwa upindo wa sari.

"Liache hapo," akasema Dhondiram.

"Mjomba, kinywaji gani hicho cha kufichwa?" Bayja akachokoza.

"Hakifichwi. Ni makombo ya mke wangu." Alisema kwa sauti ile ile ya kutangazia mnada. "Ametafuna kwa meno yake, mimi nakunywa. Mwenye neno aseme sasa hivi."

Mmoja alikohoa, basi. Anusaya alikuwa kizingitini na kisu mkononi na muwa kwapani, uso umemwiva kwa aibu, na machozi yanamtoka mbele za watu wote wale, hata hakukumbuka kujifunika.

"Anusaya," Dhondiram akamwita, kwa jina lake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, "leo pumzisha taya. Njoo ukae."